Gita la Morogoro na Ugomvi wa Uzi Mmoja

Zamani mji wetu wa Morogoro ulikuwa na bendi mbili kubwa, na kila bendi ilikuwa na watu wake. Kulikuwa na Cuban Marimba ya Salum Abdallah, iliyoanzishwa mwaka 1948. Na kulikuwa na Morogoro Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1944, mwaka ule ule aliozaliwa Mbaraka Mwinshehe, kijana aliyekuja kulicharaza gita la solo mpaka bendi ikafika Japani kwenye maonyesho ya Osaka mwaka 1970. Wazee wetu, ukiwakuta kwenye kahawa, hadi leo wanabishana: nani alikuwa mkali, Salum au Mbaraka? Salum alifariki mwaka 1965. Mbaraka, aliyeondoka Morogoro Jazz mwaka 1973 akaunda Super Volcano, alifariki kwa ajali ya gari huko Mombasa Januari 1979. Sisi wa kizazi hiki tumewapata kwenye redio na kwenye kanda za baba zetu.

Ugomvi huo sitauamua mimi. Nataka kusimulia ugomvi mwingine, ulio mkongwe zaidi, uliohusu uzi mmoja tu wa gita na uliochukua zaidi ya miaka 200 kutulia. Waliogombana hawakuwa wanamuziki. Walikuwa wanahisabati wa Paris, Berlin na Basel. Naandika habari zao humu kwa sababu mbili. Kwanza, gita la Mbaraka lina kila kitu walichogombania. Pili, ugomvi wenyewe ulihusu jambo tunalolijua sana huku kwetu: nani ana adabu na nani ni mhuni. Maana tusidanganyane, kwa wazazi wengi wa enzi zile kijana aliyebeba gita alikuwa mhuni tu, hata kama nchi nzima ilikuwa ikicheza nyimbo zake.

Ndugu msomaji, usilifunge jarida kwa kuona neno hisabati. Mwishoni hakuna mtihani.

Uzi wenye pembe

Chukua gita lolote. Bana uzi katikati kwa vidole, uvute juu kidogo, ushikilie hapo hapo. Umefanya umbo gani? Mistari miwili iliyonyooka inayokutana juu kwenye pembe, kama paa la nyumba ya bati. Sasa uachie. Sauti inatoka. Swali ni hili: kwa kila sekunde na kila sehemu ya sekunde inayofuata, uzi huo una umbo gani?

Mwaka 1747 Mfaransa Jean d'Alembert aliandika mlinganyo wa uzi unaotikisika, na akaupatia jibu. Lakini aliweka sharti. Alitaka umbo la mwanzo la uzi liwe limeandikwa kwa kanuni moja safi, toka ncha hadi ncha, bila kuungaunga. Paa letu la bati likakosa ruhusa, kwa sababu lina kanuni mbili, moja ya kupanda na moja ya kushuka, na pale zinapokutana pana pembe. Sasa ona ajabu hiyo. Hesabu ya uzi inaukataa uzi jinsi unavyopigwa!

Mwaka uliofuata Leonhard Euler, Mswisi aliyekuwa akifanya kazi Berlin, alisema sharti hilo ni kali mno. Umbo lolote ambalo mkono unaweza kulichora liruhusiwe. Halafu mwaka 1753 akaingia mtu wa tatu, Daniel Bernoulli wa Basel. Huyu alitumia masikio. Mpiga gita yeyote anajua kwamba uzi mmoja hautoi sauti moja. Uguse kidogo katikati huku ukiupiga, utasikia sauti ya juu iliyokuwa imejificha ndani yake. Uguse kwenye theluthi, utasikia nyingine, ya juu zaidi. Bernoulli akasema: basi kila mtikisiko wa uzi ni jumla ya mitikisiko mingi, ule wa uzi mzima, wa nusu, wa theluthi, wa robo, na kuendelea. Kila umbo la uzi ni mfululizo wa mawimbi.

Euler akakataa. D'Alembert naye akakataa. Walijiuliza, mawimbi laini yasiyo na pembe hata moja yanawezaje kujumlishwa yakatoa pembe? Wote watatu walikuwa mabingwa, na wote watatu walikufa bila kukubaliana.

Tupime wenyewe

Wimbi wanalolisema ni lile ambalo wanafunzi wa sekondari hulichora kwa jina la sini. Ni laini kupita yote: linapanda, linajikunja, linashuka, linajikunja tena, linarudia. Ndugu yake ni kosini, ambaye ni wimbi lile lile lililosogezwa pembeni kidogo. Ukichukua wimbi moja refu, ukaliongezea lenye urefu wa nusu yake, kisha la theluthi yake, kisha la robo yake, bila kuacha, kila moja likiwa na ukubwa wake, umepata mfululizo wa trigonometria.

Na fankisheni ni nini? Ni utaratibu wowote unaopokea namba na kutoa namba. Uupe umbali kutoka mwanzo wa uzi, unakupa uzi umeinuka kiasi gani hapo. Uupe siku ya mwaka, unakupa milimita za mvua iliyonyesha siku hiyo. Ukishuka basi Msamvu ukaitazama Uluguru, ule mstari ambapo mlima unaishia na anga linaanza ni fankisheni: kwa kila hatua kutoka kushoto kwenda kulia, pana urefu mmoja.

Sasa tumpime Bernoulli. Tuseme umeuvuta uzi katikati kwa milimita 10. Hesabu inasema wimbi la kwanza, la uzi mzima, linatupa milimita 8.1 pale katikati. La pili, la nne na mengine yote ya shufwa hayaongezi kitu, kwa kuwa umevuta katikati kabisa. La tatu lina ukubwa wa sehemu moja ya tisa ya lile la kwanza. Ukilijumlisha unafika 9.0. La tano ni moja ya 25, unafika 9.3. La saba ni moja ya 49, unafika 9.5. Unaona mwendo wenyewe? Pembe inajengwa kwa vitu visivyo na pembe, na haikamiliki mpaka uwe umejumlisha mawimbi yasiyo na mwisho. Kuhusu paa la bati, Bernoulli alikuwa sahihi. Alichokosa ni uthibitisho.

Na usidhani pembe hiyo ni jambo la kwenye karatasi tu. Piga uzi karibu na mwisho wake badala ya katikati: mawimbi ya shufwa yanaingia, mawimbi ya mbali yanapata nguvu, sauti inakuwa kali. Wapigaji wa solo wanalijua hilo kwa vidole. Ule ukali unaokukata usingizini saa nane usiku ni mawimbi ya mbali yaliyoletwa na pembe.

Mtoto wa fundi cherehani

Aliyeurudisha ugomvi mezani alikuwa Joseph Fourier, mtoto wa fundi cherehani, aliyezaliwa Auxerre, Ufaransa, mwaka 1768, akabaki yatima angali mdogo. Wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa alitiwa jela. Mwaka 1798 alikwenda Misri na msafara wa Napoleon. Aliporudi kwao akapewa kuongoza mkoa wa Isère, makao yake yakiwa Grenoble. Kwa lugha yetu, alikuwa mkuu wa mkoa. Akawa anasimamia barabara na ukaushaji wa mabwawa, na muda uliobaki akichunguza jinsi joto linavyosafiri ndani ya vitu vigumu.

Tarehe 21 Desemba 1807 aliwasilisha andiko lake Paris. Alidai jambo zito: kwamba fankisheni yoyote ile, hata yenye mikatiko, inaweza kuandikwa kama mfululizo wa sini na kosini. Na akatoa njia ya kupata ukubwa wa kila wimbi. Unaizidisha fankisheni kwa wimbi unalolitaka, kisha unapima eneo lililo chini ya mchoro unaopatikana. Njia hiyo ndiyo tunayoitumia hadi leo.

Mmoja wa wakaguzi wa andiko alikuwa Lagrange, mzee ambaye ujanani aliushiriki ule ugomvi wa uzi. Hakuridhika hata kidogo, na andiko halikuchapishwa. Fourier akaliboresha, akaliingiza kwenye shindano la mwaka 1811 juu ya joto, akashinda, lakini majaji wakaongeza kwamba hoja zake zina upungufu. Kitabu chake kilitoka mwaka 1822, miaka 15 baada ya andiko la kwanza.

Majaji wale tusiwaonee. Fourier alikuwa amesema "yoyote". Neno hilo lilikuwa pana kuliko uthibitisho aliokuwa nao.

Cheti cha tabia njema

Nilipokuwa chuo, mwalimu mmoja aliuandika mfululizo wa Fourier ubaoni, halafu akasema, tuchukulie kwamba fankisheni yetu ina tabia njema. Mwenzangu aliyekaa nyuma akauliza, "Na zenye tabia mbaya je, mwalimu?" Akajibiwa kwamba hizo hazimo kwenye mtihani. Darasa likacheka, tukaendelea. Lakini swali lile liliniganda. Baadaye nikaanza kusoma, nikakuta kwamba ndani ya maneno yale mawili, "tabia njema", wamefukiwa watu wengi na miaka mingi.

Wa kwanza kuyapa maneno hayo maana kamili alikuwa Mjerumani, Dirichlet, aliyesoma Paris na kumfahamu Fourier mwenyewe. Mwaka 1829 aliliacha neno "yoyote" akataja masharti. Fankisheni iwe inajirudia. Isipande bila kikomo. Mikatiko yake iwe na idadi maalumu, na kupanda na kushuka kwake kuwe na idadi maalumu. Ikitimiza hayo, mfululizo wake unatulia kila mahali. Pale isipokatika, unatulia kwenye thamani ya fankisheni yenyewe. Pale inaporuka, unatulia katikati ya mruko: kama kushoto ni 2 na kulia ni 6, mfululizo utakupa 4. Huo ulikuwa uthibitisho wa kwanza ulio imara, na paa letu la bati likaingia ndani ya sheria baada ya miaka 82 kupita tangu d'Alembert alikatae.

Hapa ndipo penye uhusiano ninaoupenda kuliko yote katika habari hii. Mfululizo ni kama cheti cha tabia. Fankisheni ikiwa na mruko, mawimbi yake yanapungua polepole: la kumi lina ukubwa wa kama sehemu moja ya kumi, la mia kama moja ya mia. Ikiwa haina mruko ila ina pembe, kama uzi wetu, yanapungua haraka zaidi: moja ya mia, moja ya elfu kumi. Ikiwa haina hata pembe, yanapungua haraka kuliko hapo. Na ikiwa laini kabisa, yanafifia haraka kiasi kwamba machache ya mwanzo yanatosha kukupa sura yake nzima. Kwa hiyo huhitaji kuuona mchoro. Nionyeshe mawimbi ya mbali jinsi yanavyokufa, nitakuambia fankisheni ina adabu kiasi gani.

Penye mruko pana kioja kingine. Mfululizo ukikatwa popote, unaurukia mruko ukaupita, kwa karibu asilimia 9 ya mruko wenyewe. Ongeza mawimbi elfu: ile ncha ya ziada inakuwa nyembamba, inausogelea mruko, lakini urefu wake haupungui. Mwingereza Henry Wilbraham aliliona jambo hili mwaka 1848, watu wakalisahau. Likagunduliwa upya mwishoni mwa karne hiyo, na sasa linaitwa kwa jina la Mmarekani, Gibbs. Hata katika hisabati, aliyetangulia si lazima ndiye apewe jina.

Wahuni wanaingia

Baada ya Dirichlet watu walitumaini kwamba masharti yataendelea kulegezwa. Angalau fankisheni isiyokatika, ile unayoichora bila kuinua kalamu, wengi walidhani ni lazima mfululizo wake utulie. Ndipo wahuni walipoanza kubisha hodi.

Mwaka 1872 Karl Weierstrass alitoa mfululizo wa kosini unaojenga fankisheni isiyokatika popote, lakini isiyo na mteremko popote. Turudi Msamvu tuutazame mlima. Kwa mbali mstari wake ni laini. Ukiusogelea unaona majabali, ukisogea zaidi unaona mawe, lakini hatimaye jiwe lenyewe lina upande ulio bapa. Fankisheni ya Weierstrass haifiki huko. Kila ukiikaribia unakuta majabali mapya, bila mwisho. Mzee mmoja mashuhuri wa Ufaransa, Charles Hermite, aliandika kwenye barua ya mwaka 1893 kwamba vitu vya namna hiyo vinamtia hofu na kumchukiza. Nilipolisoma hilo nilicheka peke yangu, kwa sababu ni sauti ile ile ya baba anayemwona kijana wake anatoka na gita saa mbili usiku.

Mwaka 1873 Paul du Bois-Reymond akaenda mbali zaidi. Alijenga fankisheni isiyokatika ambayo mfululizo wake wa Fourier, kwenye nukta moja, unakataa kutulia. Unayumba na kukua bila kikomo. Kumbe kutokatika peke yake hakutoshi! Na mwaka 1923 ilichapishwa kazi ya Mrusi Andrey Kolmogorov, aliyoifanya mwaka uliotangulia akiwa na miaka 19. Fankisheni yake eneo lake linapimika vizuri, lakini mfululizo wake hautulii karibu kila mahali. Miaka 19, msomaji. Umri wa mtu anayesubiri matokeo ya kidato cha sita.

Ungedhani jengo zima limeanguka. Lakini kila mhuni aliyefika aliacha zawadi. Georg Cantor, mwaka 1870, alikuwa akiuliza kama fankisheni moja inaweza kuwa na mifululizo miwili tofauti. Katika kuzihesabu nukta ambazo hazilimalizi swali lake, akajikuta anaanzisha elimu ya seti na ya ukomo usio sawa na ukomo mwingine. Swali la eneo lipimweje pale fankisheni inapokuwa na mikatiko mingi lilimpa Riemann kazi mwaka 1854, na Lebesgue mwanzoni mwa karne ya 20. Sehemu kubwa ya hisabati wanayoisoma wanafunzi wa chuo kikuu ilizaliwa kwa kuwafuatilia hao wasio na adabu.

Na kijana mwingine, Mhungaria Lipót Fejér, mwaka 1900, akiwa na miaka 20, alipata dawa rahisi ya ajabu. Alisema usiamini jumla ya mwisho peke yake. Chukua jumla ya wimbi moja, jumla ya mawimbi mawili, jumla ya matatu, mpaka hapo ulipofika, kisha utafute wastani wa jumla zote hizo. Kwa fankisheni yoyote isiyokatika, wastani huo unatulia kila mahali, hata kwa yule mhuni wa du Bois-Reymond. Hata ile asilimia 9 ya kurukia inatoweka. Kama barazani: ukimsikiliza msemaji wa mwisho tu unayumba naye, ukiwasikiliza wote toka wa kwanza unapata neno.

Ugomvi ulifungwa na Msweden, Lennart Carleson, mwaka 1966. Alithibitisha kwamba fankisheni yoyote isiyokatika, na hata nyingine nyingi zaidi, mfululizo wake unatulia karibu kila mahali. Nukta zinazogoma zipo, lakini ukizikusanya zote urefu wake ni sifuri. Toka 1747 hadi 1966 ni miaka 219. Mbaraka wakati huo alikuwa ameshaingia Morogoro Jazz.

Mvua haina adabu

Mtu ataniuliza: sawa bwana, sisi tunaoishi chini ya Uluguru yanatuhusu nini? Yanatuhusu kwa mvua.

Mawingu yanatoka Bahari ya Hindi, yanaugonga mlima, yanaacha maji. Upande wa mashariki, kule Matombo na Kinole, kunanyesha sana kuliko upande wa magharibi. Mto Ruvu, ambao maji yake yananywewa Dar es Salaam, unaanzia milimani humo. Misimu ni miwili: vuli mwishoni mwa mwaka, na masika toka Machi hadi Mei. Katikati ya mwaka mjini ni kukavu.

Wanaochunguza hali ya hewa huichukua mvua ya wastani ya kila mwezi, kwa miaka mingi, wakaipasua kwa njia ya Fourier. Wimbi la miezi 12 lina kilele kimoja kwa mwaka. Wimbi la miezi sita lina vilele viwili. Sehemu za kusini na magharibi mwa nchi, mathalani Songea na Tabora, wimbi la miezi 12 ndilo linalotawala, kwani msimu wa mvua ni mmoja. Ukienda kaskazini mashariki, Tanga na kwingineko, la miezi sita lina nguvu, kwani misimu ni miwili. Morogoro tupo karibu na mpaka wa hali hizo mbili. Kwa mawimbi mawili tu unaweza kueleza kwa nini mahindi ya Songea na ya Tanga hayapandwi kwa kalenda moja.

Ila angalia kitu kimoja. Kilichopasuliwa hapo ni wastani, na wastani una tabia njema; umelainishwa na miaka mingi. Mvua yenyewe ya mwaka mmoja haina tabia hiyo. Ni sifuri, sifuri, sifuri, kisha alasiri moja anga linafunguka na korongo linajaa, kisha wiki mbili sifuri tena. Hiyo ni mikatiko na miruko, na kama tulivyoona, miruko inataka mawimbi mengi sana, nayo yakikatwa yanarukia kupita kiasi. Mchoro mzuri wa mawimbi mawili hauwezi kukuambia mvua ya kwanza ya vuli ni ya kweli au ni ya kukudanganya.

Bibi yangu wa Matombo hajui sini wala kosini. Lakini mbegu zake hazimwagi zote kwenye mvua ya kwanza. Anapanda kipande, anangoja, anapanda kingine. Nilipomuuliza kwa nini, alinijibu, "Mjukuu wangu, mvua ya mwaka jana haikusaini mkataba na ya mwaka huu." Yule anayepanda zote siku moja amechukulia kwamba fankisheni ina tabia njema. Na mvua ikikata, anapoteza mbegu, nguvu za wiki nzima, na chakula cha watoto mwezi wa tano.

Ndiyo maana naona lile jibu la darasani, kwamba wenye tabia mbaya hawamo kwenye mtihani, lina hasara kubwa kuliko linavyoonekana. Hapa hapa Morogoro tuna Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, tangu mwaka 1984. Vijana wanaotoka vyuoni ndio watakaomwambia mkulima apande lini. Wakifundishwa kanuni bila masharti yake, watampelekea bibi mchoro laini na kumwita mbishi akiukataa. Sharti ni sehemu ya kanuni. Dirichlet alijulikana kwa sababu aliyaandika masharti, wakati wenzake walikuwa wanasema "yoyote".

Na hili lina sura ya lugha pia. Toka mwaka 1967 shule zetu za msingi za serikali zinafundisha kwa Kiswahili. Ukifika sekondari unakuta Kiingereza. Mwanafunzi anaanza kukariri maneno kabla hajayaelewa, na aliyekariri hana nguvu ya kuuliza. Katika kurasa hizi nimetumia pembe, mruko, mkatiko, mteremko, wastani, mfululizo. Mengi ya hayo ni maneno ya fundi seremala, ya fundi mwashi na ya mtu wa sokoni. Yamebeba miaka 219 ya hisabati, na sijaona lililovunjika njiani. Neno fankisheni tumeliazima, kama tulivyoliazima gita, na gita tulilifanya letu mpaka likapelekwa Osaka.

Kwa wale wanaodhani kazi imekwisha, nawaachia hili. Carleson aliumaliza ugomvi wa uzi. Lakini tukitoka kwenye uzi tukaenda kwenye uso, kama uso wa bwawa la Mindu upepo unapopita, mawimbi yanakwenda pande zote. Yajumlishe kwa duara, toka yale marefu kwenda mafupi zaidi na zaidi. Je, jumla hiyo inatulia karibu kila mahali, kwa aina ile ile ya fankisheni aliyoithibitisha Carleson? Hadi leo hakuna aliyethibitisha kwamba inatulia, wala aliyeonyesha kwamba haitulii. Kolmogorov alianza akiwa na miaka 19. Kalamu zipo, na bwawa liko pale pale, nje kidogo ya mji, ukifuata barabara ya Iringa.